Maswali ya Wasomaji: Niliandika, Lakini Sioni Nilipoandika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa ugani ninayehudumia wakulima wa kahawa huko Kibosho, Moshi. Tangu mwaka 2018 ninaandika kwenye simu dokezo la kila ziara, na sasa yamezidi 1,400. Hivi karibuni mama mmoja aliniuliza ni lini tulipulizia dawa ya ugonjwa wa kutu ya majani katika kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, na kwa kipimo gani. Nilipotafuta neno "kutu" yalijitokeza mamia ya madokezo yasiyohusika, na nilipotafuta "ugonjwa" nililolitaka halikuonekana. Nimejaribu kuweka lebo, zimefika 160, na mambo yamezidi kuvurugika. Je, nifute lebo zote nipange madokezo katika folda?

JIBU: Ndugu msomaji, usifute chochote kwanza. Kisanduku cha kutafutia hakijui maana ya neno. Kinalinganisha herufi tu, na herufi za "kutu" zimo ndani ya kutumia, kutunza, kutuma na kutupa, maneno ambayo afisa ugani huyaandika kila siku. Kuhusu "ugonjwa", huenda siku ile uliandika "magonjwa" au "mibuni migonjwa", na kwa kompyuta hayo ni maneno mengine kabisa.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo lako, na ningependa walioandika programu hizi walizingatie zaidi. Maneno ya Kiingereza hubadilika zaidi mwishoni, na kanuni maarufu ya kuyapunguza hadi kwenye shina, aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980, hufanya kazi kwa kukata viambishi vya mwisho. Kiswahili hubadilika mbele: nilipogoa, tulipogoa, wamepogoa. Programu inayolinganisha herufi tangu mwanzo wa neno haiwezi kuyaona hayo yote kwa pamoja, hata ukiitafutia siku nzima. Kwa hiyo fanya jaribio dogo: andika "tulipogoa" katika dokezo jipya, kisha tafuta "pogo". Dokezo likijitokeza, programu yako hutafuta hadi ndani ya maneno. Lisipojitokeza, huanzia mwanzoni mwa neno, nawe utalazimika kutegemea lebo zaidi kuliko wenzako.

Ikiwa inatafuta ndani ya maneno, acha kutafuta neno zima na utafute shina. "Gonjwa" italeta ugonjwa, magonjwa na migonjwa. "Dudu" italeta mdudu na wadudu. Na "pogo" ni bora kuliko "pogoa", kwa kuwa itakuletea pia mibuni iliyopogolewa. Njia hii ina mipaka yake. Shina la mche na miche ni fupi mno, nalo litakuletea mchele na cheti. Ukitafuta "hamba" ili upate kihamba na vihamba, utaletewa kila shamba uliloliandika tangu 2018, kwa sababu neno "shamba" limebeba herufi hizo hizo.

Kazi ya lebo inaanzia hapo ambapo neno la kawaida linashindwa. Lebo ni neno ulilolifunga katika umbo moja ambalo halibadiliki kwa ngeli, kwa wakati wala kwa nafsi. Andika "kutumajani" kama neno moja, kila mara vivyo hivyo, hata kama ndani ya dokezo umeandika "kutu", "madoa ya njano" au jina la Kiingereza. Weka alama ya reli (#) mbele yake ikiwa programu yako inaitambua, lakini usiitegemee alama hiyo pekee, maana baadhi ya visanduku vya kutafutia huipuuza; neno lililounganishwa litapatikana popote, kwa sababu halitokei katika sentensi za kawaida. Fanya hivyo pia kwa chulebuni (ugonjwa unaoshambulia matunda ya kahawa), ambayo nina hakika umeiandika kwa neno moja, kwa maneno mawili na kwa kifupi cha herufi tatu, CBD, na kwa aina za mibuni: N39 iwe N39 daima, bila nafasi wala kistari.

Lebo 160 ni nyingi mno, nami nadhani nyingi kati yake ni ndugu: mdudu, wadudu, wadudu-waharibifu. Chagua moja, uziunganishe nyingine nayo. Lebo ya "kahawa" iondoe kabisa, kwa kuwa karibu kila dokezo lako linahusu kahawa na lebo iliyo kila mahali haitenganishi chochote. Iliyotumika mara moja tu nayo haikusaidii. Kwa kazi yako lebo ishirini na tano zinatosha: magonjwa na wadudu, vijiji unavyovihudumia, na mbili tatu za hali ya kazi, kama vile "kurudi" kwa kihamba kinachohitaji ziara nyingine. Ziandike zote katika dokezo moja la orodha, na usibuni mpya kabla ya kuitazama orodha hiyo.

Folda sikushauri. Kihamba kina kahawa chini ya migomba, ng'ombe wa ndani na mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita kando. Dokezo la samadi iliyowekwa kwenye mibuni utalitia katika folda ya mifugo au ya kahawa? Folda huruhusu mahali pamoja, ilhali lebo huruhusu dokezo hilo moja liitike kwa majina mawili. Gmail ilipoanzishwa mwaka 2004 iliwapa watumiaji lebo badala ya folda, na barua moja ikaweza kubeba lebo kadhaa.

Yale madokezo 1,400 ya zamani usiyakalie usiku kucha. Kila unapolipata moja kwa taabu, liwekee lebo hapo hapo kabla ya kulifunga. La yule mama ndilo la kwanza: tafuta maneno mawili kwa pamoja, jina la kijiji na "pulizi", ambayo hubaki ile ile katika kupulizia na tulipulizia, au weka "kutu ya majani" ndani ya alama za kunukuu, ambazo programu nyingi huzichukua kama agizo la kutafuta maneno hayo kwa mfuatano huo. Na kuanzia sasa anza kila dokezo kwa tarehe yenye mwaka mbele, kwa mfano 2025-03-18, ili ukiyapanga kwa majina yajipange pia kwa wakati.

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Arusha. Mihtasari ya vikao naipiga picha kutoka kwenye daftari. Mbona nikitafuta neno halionekani?

JIBU: Dada, picha ya maandishi ni picha tu mpaka programu iweze kuyasoma, na mwandiko wa mkono huzisumbua programu nyingi kuliko maandishi yaliyochapwa. Chini ya kila picha chapa mstari mmoja wenye tarehe, ajenda kuu na maneno utakayoyakumbuka baadaye: mkopo, hisa, faini, mazishi. Mstari huo ndio utakaotafutwa.