Mashua kuukuu ya mbao: gonga mkuku kabla ya kulipia faiba

Mkuu, umesema umenunua mashua ya tanga pale Kunduchi, futi 24, imekaa mchangani miaka mitatu, na fundi anakushauri uivike yote faiba, ile ngozi ya nyuzi za kioo na gundi, ili isivuje tena. Nakuomba usimpe hela bado. Mimi nilimpa wangu, na hasara yake naikumbuka mpaka leo.

Yangu niliinunua Msasani. Ilivikwa faiba ikang'aa kama imeundwa jana. Mwaka wa pili ikaanza kubanduka upande wa tezi, yaani nyuma. Tulipoichana yalimwagika maji meusi yananuka, na taruma nne, zile mbavu za ndani, zilikuwa zinachotwa kwa kidole. Mbao haitulii: ikinywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa, faiba haiendi nayo. Ukitokea ufa mdogo tu, maji yanaingia na hayana pa kutokea. Na ya mvua ndiyo mabaya zaidi, yale yanayotuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya mashua, masika nzima. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao haraka hivyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, fundi wa Kigamboni. Siku ya kwanza hakugusa ubavu. Alijilaza chini ya mashua na nyundo ndogo, akagonga mkuku, ule mti mrefu wa chini, kuanzia hanamu, mti wa mbele, hadi fashini, mti wa nyuma. Mti mzima unalia ngo, ngo. Fashini inapokutana na mkuku ukalia pu. Akachomeka bisibisi pale, ikazama hadi kwenye mpini. "Mwanangu, mashua yako inavujia hapa, siyo huko ulikopaka." Kisha akanionyesha misumari. Kila wenye duara jeusi pembeni ulikuwa umeshaliwa na kutu, na mbao inayouzunguka imelainika. Tuling'oa mingi kwa mkono tu.

Kwa hiyo anza na mkuku na fashini, halafu taruma, halafu mbao za ubavuni. Taruma usikubali ikatwe kwenye ubao ulionyooka, itapasuka. Tafuta tawi lililopinda lenyewe, nyuzi za mti zifuate mkunjo. Toa moja, weka moja; ukizitoa zote kwa mkupuo mashua inapoteza umbo na hutalirudisha. Mbao za mvule ni nzuri sana, ila dai karatasi za TFS, wakala wa misitu, kwa muuzaji kabla hujapakia, usije ukasimamishwa njiani.

Kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Pamba inasokotwa, inachovywa mafuta ya nazi, inashindiliwa kwenye mwanya kwa patasi butu. Mzee alikuwa haangalii, anasikiliza. Mwanzo nyundo inatoa sauti nzito. Pamba ikishajaa sauti inakuwa kavu na nyundo inaruka yenyewe mkononi. Hapo unasimama. Ukiendelea kupiga kwa pupa, mbao zikivimba baharini zitasukumana mpaka misumari ilegee. Kichwa cha kila msumari nacho kizungushie uzi wa pamba kabla hakijazama. Mwisho unapaka deheni, chokaa na shahamu, sehemu yote inayokaa majini.

Kuhusu muda, fuata mwezi. Ipandishe siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, maji yakijaa kabisa, uiegemeze juu ya magogo. Maji mafu, yale madogo ya katikati, hayatakufikia, una karibu wiki mbili mpaka bamvua lingine. Kazi ya mkuku haiishi ndani ya wiki hizo, kwa hiyo ivute juu zaidi kwa vijana na kamba, na uifunike makuti. Jua la Januari likiipiga bila kivuli mianya inapanuka, unashindilia pamba nyingi kuliko inavyotakiwa.

Ukiishusha itavuja. Usiogope. Yangu siku ya kwanza tulifua maji kwa zamu usiku kucha, upo, kile chombo cha kufulia, haukupumzika. Siku ya tatu asubuhi nikakuta ngama ina maji ya kulowesha kiganja tu, mbao zimeshavimba zikabanana. Tanga nilikuwa sijalifunga bado kwenye foromali, ule mti wake wa juu, lakini nilikaa mle ndani mpaka jua likawa kali.

Kesho maji yakitoka nenda na bisibisi. Anzia fashini, chomeka kila shubiri moja kuelekea omo, yaani mbele, halafu rudi hapa utuambie imezama wapi na kiasi gani. Ukiweza weka na picha ya misumari.