Nyuso nyeusi, anga jeupe: kupiga picha vichochoroni mwa Yerusalemu

SWALI: Mwaka jana nilihiji Yerusalemu pamoja na kundi la parokia yetu ya hapa Mwanza. Kila nilipopiga picha za wauza mikate au za mahujaji wenzangu vichochoroni, nyuso zilitoka nyeusi tii na anga likawa jeupe kabisa. Kamera niliiweka kwenye otomatiki. Mwaka huu tunarudi, nirekebishe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako haina kasoro. Tatizo linaanzia kwenye jiwe. Mji wa Kale, uliozungukwa na kuta alizozijenga Sultani Suleiman wa Waosmani kati ya 1537 na 1541, umejengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya krimu, nayo yakipigwa na jua hung'aa mno. Kipima-mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na ukuta mweupe hupunguza mwanga ili ukuta huo uwe wa kijivu, na mtu mwenye ngozi nyeusi kama sisi aliyesimama mbele yake hugeuka kivuli. Kwa hiyo weka kipimo cha nukta, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu ya picha, ukielekeze shavuni pa mtu badala ya ukutani, au uongeze mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili, kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa.

Hata hivyo, kipimo sahihi hakitoshi pale uso ulipo kivulini na anga lipo juani, kwa sababu hakuna mpangilio utakaookoa vyote viwili. Hapo mpiga picha huhama, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Tafuta kichochoro ambacho ukuta wa upande mmoja unapigwa na jua na wa upande wa pili uko kivulini, kisha usubiri watu wapite upande wa kivuli. Ukuta wenye jua utawarudishia mwanga laini, wenye rangi ya joto kidogo, unaoingia hadi ndani ya macho. Wapiga picha wa studio hununua vifaa kwa ajili ya mwanga wa namna hiyo. Inamisha kamera kidogo ili anga lisiingie kwenye fremu. Asubuhi, ukiingia kwa Lango la Simba na kufuata Njia ya Msalaba kuelekea magharibi, jua huwa mgongoni mwako.

Mitaa ya soko iliyofunikwa, kama Khan al-Zeit, ina kanuni nyingine. Humo mwanga unaweza kuwa hafifu kuliko wa juani kwa hatua saba au nane, na kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Anza na tundu la lenzi la f/4, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200 na kasi ya 1/250 ya sekunde, kasi inayotosha kumgandisha kijana anayeteremsha mkokoteni kwenye mteremko mwembamba uliochongwa katikati ya ngazi. Pale mwale wa jua unapopenya kwenye tundu la paa, upime mwale wenyewe, uache pembeni pawe giza, na umngoje muuza mikate ya ufuta aingie ndani yake. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, maana maturubai ya rangi juu ya vibanda hupaka nyuso rangi zisizo zake, na utahitaji kuzisahihisha baadaye. Flashi usiiwashe: inaua mwanga uliouendea na inawakera watu walio katika sala.

Kuhusu watu, omba ruhusa kwa kuinua kamera na kumtazama mtu usoni. Akitikisa kichwa, ishushe. Kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa sala pa Wayahudi, hairuhusiwi kupiga picha tangu Ijumaa jua linapotua hadi Sabato iishe Jumamosi jioni.

Kabla ya safari, msimamishe mwenzako mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa sita mchana, umpige mara ya kwanza kwa otomatiki, mara ya pili kwa kipimo cha nukta shavuni, na mara ya tatu akiwa kivulini akiutazama ukuta huo, kisha uzilinganishe picha zote tatu.