Fundi wa Bodi Anajibu: Rolipani Imekataa Kukaa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu, Chevrolet C10 ya 1970. Nimeng'oa bampa la nyuma na kununua rolipani ya chuma, lile bati lililopinda kwa ndani ambalo huziba nafasi ya bampa. Nimenunua pia mlango mpya wa nyuma, laini, usio na maandishi wala kitasa cha nje. Huo bado uko kwenye boksi. Rolipani nimeijaribisha: kushoto kidole kinapita, kulia hata karatasi haipenyi. Muuzaji anashikilia kwamba bati lake halina kasoro. Je, nikate upande wa kulia kwa grenda? Na nichomelee au nifunge kwa bolti?

JIBU: Marahaba. Grenda iache kwanza. Muuzaji wako huenda anasema kweli, maana sababu naiona ndani ya barua yako: mlango bado uko kwenye boksi.

Mbavu za bodi ya pikapu, yaani kuta za kando za sehemu ya mizigo, zimeshikwa chini na sakafu, na mbele na ule ukuta unaotazama kabini. Kule nyuma, juu, hazina kinachozishika sawasawa mpaka mlango ufungwe. Mlango ukitoka, mbavu zinayumba. Sukuma moja kwa kiganja uone. Sasa wewe unapima bati jipya kwenye nafasi inayobadilika kila ukiigusa.

Hili nililijua kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo nilichomelea rolipani kwenye Ford F-100 wakati mlango wake uko kwa mpaka rangi. Kazi ilitoka safi, nikajisifu. Mlango uliporudi haukuingia: nilikuwa nimezifunga mbavu zikiwa zimeegemea ndani kwa milimita 7. Nilikata kila doa nililolichoma, siku mbili nzima, na lile bati halikunyooka tena kama lilivyokuja. Tangu hapo sigusi rolipani kabla mlango haujakaa mahali pake, na mwanafunzi wangu yeyote akigusa, namsimamisha.

Kwa hiyo anza hivi. Gari lisimame kwa magurudumu yake manne kwenye sakafu iliyo sawa, wala lisiwe juu ya jeki, kwa sababu chasi iliyoinuliwa pasipostahili hupinda kidogo na bodi huifuata. Pima mshazari: toka kona ya bodi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 isikusumbue. Ikiwa 10, bodi imekaa upande, na rolipani yoyote utakayoileta itaonekana mbovu. Legeza bolti zinazoishika bodi kwenye chasi, isogeze, na mahali ilipozama weka washa bapa katikati ya bodi na chasi. Kaza, pima tena. Nimeona pikapu iliyoponywa na washa mbili tu, baada ya mwenyewe kutaka kurudisha mlango dukani.

Ndipo ufunge mlango. Rekebisha bawaba na makomeo hadi mapengo ya kushoto na kulia yalingane. Milimita 5 kila upande inatosha, na ukumbuke kwamba praima na rangi vitakula sehemu ya nafasi hiyo. Mlango wako hauna kitasa cha nje, basi hakikisha unaweza kuyafikia makomeo kwa ndani kabla hujaufunga mara ya kwanza.

Sasa rolipani. Ibane kwa klampu chini ya mlango uliofungwa, kisha ushushe mlango polepole ukiushika kwa mkono. Ukingo wake wa chini huzunguka ukishuka, na hapo ndipo wengi hukwaruza rangi mpya. Ukigusa, teremsha rolipani kidogo. Fungua na kufunga mara nyingi, mpaka uridhike. Kama baada ya yote hayo upande wa kulia bado umebana, basi kata, lakini sidhani utafika huko.

Kuhusu bolti au kuchomelea: kama gari linabeba mzigo, funga kwa bolti. Rolipani iko mahali pa kugongwa, na iliyofungwa kwa bolti hubadilishwa mchana mmoja. Matundu yake yafanye marefu kidogo ili uweze kuisogeza. Ukitaka mwonekano usio na mstari, chomelea, ila usivute mstari mrefu. Bati lenye unene wa milimita 1 hivi hujikunja likipata moto mwingi. Choma doa moja kushoto, moja kulia, moja katikati, uache lipoe lenyewe, kisha urudi. Kazi hiyo haitaki haraka hata kidogo.

Neno moja la usalama, na nakuomba ulishike. Tangi la mafuta la kiwandani kwenye C10 ya miaka hiyo liko ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Wamiliki wengi wamelihamishia nyuma, chini ya bodi, karibu kabisa na hapo unapotaka kuchomelea. Ingia chini na tochi ulitazame. Chomoa betri kwanza, na tangi likiwepo hapo, litoe lote pamoja na mipira yake.

SWALI: Fundi, nimeweka rolipani ya fibaglasi yenye taa ndani yake. Taa haziwaki vizuri, na nyufa zimetokea kwenye bolti.

JIBU: Yote mawili yanatokana na fibaglasi yenyewe. Haipitishi umeme. Taa za zamani zilipata hasi kupitia bati la bodi. Hizi zako hazina njia hiyo. Vuta waya wa hasi kutoka kila taa hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Nyufa zimetoka kwenye bolti zilizokazwa kama za chuma. Weka washa pana yenye mpira chini yake, panua tundu kidogo, na kaza mpaka ishike tu. Nyufa zilizopo zisizibwe kwa puti peke yake. Kwangua upande wa ndani na ubandike kitambaa cha fibaglasi na gundi yake.

SWALI: Je, naweza kuvuta trela baada ya kutoa bampa?

JIBU: Ndiyo, kama ndoano imefungwa kwenye chasi yenyewe. Rolipani ni pambo. Usiifungie kamba hata ya kukwamua gari kwenye tope.