Dirty Pipe: somo la memori kwa mnaoanza kusimamia seva Kigoma

Ukianza kazi ya seva za Linux, soma CVE-2022-0847, maarufu kama Dirty Pipe, kasoro ya usalama ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Marekebisho yake ni mstari mmoja wa lugha ya C uliowekwa sehemu mbili.

Data ya paipu (njia ya kupitisha data kati ya programu) hukaa kwenye bafa, yaani vihifadhi vya muda, kwa kawaida 16, na kila bafa huelekeza kwenye ukurasa wa memori, aghalabu wa baiti 4096. Bafa ikiwa na alama ya PIPE_BUF_FLAG_CAN_MERGE, data mpya inaruhusiwa kuandikwa kwenye ukurasa uleule. Sasa, splice(), amri ya kerneli ya kuhamisha data, hainakili faili; inaipa paipu ukurasa wenyewe ulioko kwenye kashe (nakala ya faili iliyo kwenye memori). Msimbo ulioandaa bafa hiyo haukugusa flags (sehemu inayotunza alama), hivyo alama ya matumizi ya zamani ilibaki.

Mshambuliaji anajaza paipu ili kila bafa ipate alama, anaimwaga yote, anapitisha baiti moja ya faili kwa splice(), kisha anaandika. Maandishi yanatua kwenye kashe ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Akibadilisha /etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji, anapata root, yaani mamlaka yote ya mashine. Hawezi kuanza baiti ya kwanza ya ukurasa, kuvuka ukurasa, wala kurefusha faili, lakini nafasi hiyo inamtosha kabisa.

Kasoro iliingia toleo la 4.9 la kerneli mwaka 2016, ikawa hatari kuanzia 5.8 ya 2020. Dawa ni buf->flags = 0, ndani ya funksheni copy_page_to_iter_pipe() na push_pipe(). Kwa hiyo unapokagua msimbo wa C, hesabu pia sehemu za struct (kifurushi cha data cha C) ambazo hakuna aliyezijaza.

Matoleo salama ni 5.10.102 na yaliyofuata ndani ya 5.10, 5.15.25 na yaliyofuata ndani ya 5.15, na 5.16.11 na yote yaliyofuata. Namba ya toleo inayotolewa na uname -r peke yake haitoshi, maana Debian na Ubuntu hurudisha viraka (marekebisho) kwenye kerneli za zamani. Tafuta CVE hiyo kwenye taarifa zao za usalama. Bando likiwa dogo na mashine ni nyingi za toleo moja, pakua mara moja kwa sudo apt-get -d dist-upgrade, nakili faili za vifurushi (.deb) kutoka /var/cache/apt/archives kwa flashi, kisha tumia dpkg -i. Lazima uwashe upya. Bila hivyo kerneli ya zamani inaendelea kufanya kazi.

Ila ukihisi seva imeshaingiliwa, usiizime, na hakikisha UPS ina chaji. Kurasa zilizochezewa hivi haziwekewi alama ya kuandikwa diskini, kwa hiyo umeme ukikatika kwa kawaida faili linarudi safi na ushahidi umepotea. Linganisha kwanza alama za utambulisho wa faili zinazotolewa na sha256sum /etc/passwd na dd if=/etc/passwd iflag=direct bs=4096 | sha256sum. Ya kwanza husoma kashe, ya pili husoma diski. Zikitofautiana, nakili faili kwenye flashi kabla ya kugusa kingine chochote.