Presha imeshuka, mbona mzee hawekewi maji?

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza mbona mzee moyo umefeli, presha 80/50, yuko ICU halafu madaktari hawamjazi dripu za maji na dawa zake za presha wamezisimamisha. Hawajakosea. Hapo shida sio maji kupungua mwilini, pampu yenyewe ndo imechoka, ukimwongezea maji yanajaa kwenye mapafu anaanza kuhema kama mtu anayezama. Kile kimashine kinachosukuma dawa kidogo kidogo kina noradrenalini, inakaza mishipa ili presha ipande, wanalenga presha ya wastani (kati ya ile ya juu na ya chini) ifike kama 65, na dobutamini inausaidia moyo usukume kwa nguvu ila inaweza kuvuruga mapigo ndo maana zile waya za kufuatilia mapigo hazitoki kifuani. Dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha, wengi wanaiweka pembeni, utafiti wa 2010 ulionyesha inavuruga mapigo zaidi kuliko noradrenalini. Na bisoprololi yake, ile dawa ya presha inayotuliza moyo, tafadhali msimpe kwa siri, saa hizi inauzidishia moyo udhaifu! Mwulize daktari chanzo, kama mshipa wa moyo umeziba hizi dawa zinamshikilia tu mpaka uzibuliwe. Wewe angalia mfuko wa mkojo, ukianza kujaa na miguu ikapata joto ujue damu inafika.