Chanzo cha Mgomo Mkuu wa 1926

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kwa nini wafanyakazi wa Uingereza waligoma kwa pamoja mwaka 1926?

JIBU: Mzizi wake ulikuwa makaa ya mawe. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Fedha, aliifungamanisha tena pauni na dhahabu kwa thamani ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, uamuzi ambao kwa maoni yetu ulikuwa wa fahari kuliko wa hesabu, kwani makaa ya Uingereza yalizidi kuwa ghali ng'ambo, na wenye migodi wakadai ujira upunguzwe na saa za kazi ziongezwe. Ruzuku ya serikali, yaani fedha zilizosaidia kulipa ujira wa wachimbaji, ilipokoma, wachimbaji waliokataa walifungiwa migodi, ndipo shirikisho la vyama vya wafanyakazi likawaunga mkono kwa kuitisha mgomo mkuu. Siku 9 baadaye shirikisho lilirudi nyuma na kusitisha mgomo huo. Wachimbaji, wakiwa peke yao, walistahimili hadi Novemba.