Bustani ya nyuma ya nyumba, usisubiri mvua

Dada uliyeuliza uandae bustani sasa hivi Oktoba au usubiri mvua, anza sasa, huku kwetu Mtwara mvua ya maana inakuja Novemba mwishoni au Desemba na ikishaanza kila mtu yuko shamba, hupati hata kibarua. Mchanga wetu haushiki maji kabisa kwahiyo kazi kubwa ni samadi, tafuta ya mbuzi iliyooza, ukiishika iwe nyeusi inapukutika na hainuki, ile mbichi inaunguza miche. Changanya na udongo kina cha jembe, mwagia maji, iache wiki mbili tatu. Mchicha na bamia ndo rahisi. Alafu wigo wa makuti mapema, kuku wa majirani hawana adabu 😂